Maulizo ya Basomaji: Muti wa Marehemu Unapandwa Siku Gani?

Mwezi huu barua mingi zilikuya juu ya jambo moja, na zilinigusa sana. Bavijana na bamama ba Lubumbashi banataka kupanda miti ya kukumbuka bafu bao, ku mikono yao benyewe, bila kungoya projé ao mukubwa fulani. Nilichagua zenye jibu yake itasaidia ata bale benye habakuandika.

*

Yaya, jambo. Siye tuko kikundi cha bavijana na bamama ba Katuba. Mu avenu zetu tulipoteza batu mingi, bakrezeri (bachimbaji ba madini) benye mashimo yalibafunika, bazee, bamama benye balikufa wakati wa kuzala, na batoto. Kuko lupango ya wazi pembeni ya masomo, tunataka kuigeuza bustani ya ukumbusho, kila marehemu na muti wake na jina yake. Tulikata shauri tupande tarehe 1 mwezi wa nane, siku ya bazazi, juu asubui ile kila mutu anaenda kufagia makaburi ya ba kwao, kiisha pale bote bakuye tupande pamoja. Tulishalipa miti 100 ku pepinyeri, fasi banauzishaka miti mitoto. Utupatie mashauri.
Mama wa Katuba

Mama, jambo sana, na pole kwa bote benye mulipoteza. Shauri yenu ni nzuri kabisa. Lakini minakuomba kitu moja, na minakiomba na roho yote: musipande tarehe 1 mwezi wa nane.

Mutazame mwaka wetu wa hapa Lubumbashi vile unaendaka. Mvua ya mwisho inanyesha mwezi wa ine, kiisha inakatika, na haitarudia kabla ya mwezi wa kumi ao wa kumi na moja. Katikati pale hakuna kitu, kwanza baridi ya mwezi wa sita na wa saba, kiisha upepo na vumbi, kiisha joto kali ya mwezi wa tisa na wa kumi yenye inapita joto ya miezi yote. Muti wenye unatoka mu sashe, ule mufuko wa plastiki wa pepinyeri, uko na mizizi ya urefu wa kiganja tu. Ukiuweka mu udongo mwezi wa nane, udongo wenye ulishakauka sawa tofali ya tanuru, ile mizizi haina fasi ya kwenda, inangoya mikono ya mutu ilete mayi, na siku ile mikono inachoka muti unakufa. Siku ya kupanda batu bako mingi, foto, nyimbo, lakini mwezi wa kumi ni nani atabeba bidoni? Fikiria mama mwenye alishika udongo na mikono yake, akaita jina ya mwana yake, kiisha anapita pale kisha miezi mbili anakuta kijiti kikavu. Yule mama tumemuzikisha mwana mara ya pili. Njo maana mi sitaki.

Siku ya bazazi musiiache, ni siku yenu. Kiisha makaburi mukuye wote ku lupango, musome majina moja moja kwa sauti, musiharakishe, kiisha kila familia ionyeshwe fasi ya muti wake na ianze kuchimba shimo. Jioni ya mbele ya siku ile mumwange mayi pale juu udongo utakuwa mugumu, na bavijana balete piyoshi. Shimo ya santimetre 60 upana na santimetre 60 kwenda chini. Udongo wa juu, ule mweusi, muuweke upande moja, na ule mwekundu wa chini upande ingine, musiichanganye, juu wakati wa kupanda ule mweusi njo unarudia karibu na mizizi. Mbolea ya mbuzi ao ya kuku mutie ndani ile siku, ioze pole pole, mbichi inaunguza mizizi. Kama kuko kichuguu karibu, karai mbili ya udongo wake mu kila shimo inasaidia sana, bakulima ba kwetu banaijua tangu zamani. Familia inachomeka kijiti na jina. Ile ni ibada ya kutosha, na hakuna kitu yenye itakufa.

Kupanda kwenyewe mungoye mpaka mvua imeshika muzuri. Mvua moja ya mwezi wa kumi inadanganyaka. Muchimbe mukono ndani ya udongo mpaka ku kiwiko, kama bado iko mayi pale chini, mupande. Mara mingi ile ni mwisho wa mwezi wa kumi na moja ao mwanzo wa kumi na mbili, na pale muko na tarehe mbili nzuri. Tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili ni siku ya taifa ya muti mu Kongo yetu, komini yenyewe inaweza kukuya kubasaidia. Na tarehe 9 ya mwezi ule ule, mwaka wa 1941, njo siku yenye baaskari ba wakoloni balipiga masasi bafanyakazi ba migodi benye balikuwa mu greve hapa hapa Lubumbashi, na Mpoyi Léonard mwenye alikuwa anabaongoza alikufa pale. Bustani yenye iko na majina ya bakrezeri, kama inapandwa siku ile, bazee batakuwa na kitu ya kuelezea batoto. Lakini kisha katikati ya mwezi wa kwanza musipande tena, juu muti unaomba miezi tatu ya mvua ili ushuke chini mbele jua irudie.

Sasa ile 100. Mama, tufanye hesabu pamoja. Muti mutoto mu wakati wa jua unaomba litre 10 ya mayi kila juma. Miti 100 ni litre 1000, ni kusema bidoni 50 za litre 20, kila juma, tangu mwezi wa tano mpaka mvua irudie, na kama foraji iko mbali ama robine inatoka usiku tu, munajua benyewe maana yake. Muketi, muulizane kila mutu: wewe utaleta bidoni ngapi, siku gani? Muandike ku karatasi. Kama hesabu inatoa bidoni 20 tu, mupande miti 40. Majina mbili ao tatu ya familia moja yanaweza kuwa chini ya muti moja, hakuna marehemu mwenye atakasirika. Ile ingine 60 musitupe, mugawie familia bapande mu malupango yao fasi kuko mama mwenye anamwanga mayi ya kuosha vyombo kila jioni.

Ku pepinyeri, mbele ya kubeba, muinue sashe mutazame chini: kama mizizi ilishatoka na kujizungusha, ule muti ulizeeka mu sashe, mukatae. Wiki mbili mbele ya kupanda mupunguze mayi na kivuli ili uzoee jua. Na siku ya kupanda mutoe ile sashe, mupasue na wembe, muitoe yote, minasema tena YOTE, minaona kila mwaka miti yenye ilizikwa na plastiki yake.

Kisha kupanda kuko adui tatu. Muchwa: majani makavu munaweka juu ya udongo ili ushike mayi, ni muzuri, lakini yasiguse muti wenyewe, muache fasi ya mukono, na bakulima banaweka majivu pale. Mbuzi: uzio ya miiba ao ya matete kuzunguka kila muti mpaka upite kimo ya mutu. Na moto, huyu njo mubaya kupita. Mwezi wa sita mbele batu baanze kuchoma pori, mulime pembeni mwa lupango yote njia ya metre 3 yenye haina ata jani, muiweke safi mpaka mvua. Hii kazi ya njia ya moto haina foto, haina nyimbo, na bila yenyewe usiku moja inamaliza kila kitu.

*

Yaya, mu kikundi chetu kuko mabishano. Bengine banataka jakaranda juu maua yake ni nzuri, bengine banasema hapana, miti ya bankambo yetu. Na moja anataka eukaliptusi juu inakomala mbio. Nani iko na haki?
Kijana wa Kampemba

Mudogo yangu, eukaliptusi mumwambie pole lakini hapana. Inakomala mbio kweli, lakini inakunywa mayi ya jirani zake na chini yake bintu binaota kidogo tu, na kisha miaka kidogo batu batakuya kuikata ba fanye mabao. Bustani ya ukumbusho haiko shamba ya mabao.

Jakaranda na flamboyant zote zilitoka mbali, jakaranda Amerika ya Kusini na flamboyant Madagascar, lakini zilipandwa mu mavenu ya muji huu tangu wakati wa wakoloni na sisi bote tulikomalia chini yake, sioni juu ya nini mutu azikatae. Zinaota bila taabu na pepinyeri zote ziko nazo. Muzitie pembeni ya njia.

Lakini roho ya bustani, mi mwenyewe ningeiweka ku miti ya pori yetu. Mupundu unazaa matunda yenye kila mutoto wa kijiji anayajua, na mu vijiji mingi batu bakilima shamba banauacha umesimama, habaukate. Mubanga, muti yake ngumu sana, unaenda pole pole lakini uko wa miaka na miaka. Musuku, juu ya masuku. Na muputu, kama muko na uvumilivu. Kuko kitu ya kujua juu ya muputu na musuku: mizizi yake inaishi pamoja na uyoga wa chini ya udongo, bila ule uyoga muti unabaki mudogo na rangi ya njano. Kwa hiyo muende mu pori, chini ya muti mukubwa wa aina ile ile, mukamate mufuko moja ya udongo wa juu na muchanganye mu sashe na mu shimo. Ule uyoga njo huu huu unatoka juu wakati wa mvua, bowa yenye bamama banapanga ku mabeseni pembeni ya barabara ya Kasumbalesa na ya Likasi. Mukikata pori yote juu ya makala, na bowa inaisha, batu habafikirie ile.

Na kuko desturi moja yenye inafaa kujulikana. Kwa Balunda, mutu akifa, ba kwake banachomeka tawi ya muyombo mu udongo pa nyumba, linaota, linakuwa muti, na pale njo wanaenda kusema na nkambo. Hii kazi yenye munafanya ni yetu tangu zamani. Muulize bazee ba kila kabila mu kikundi chenu ni muti gani balikuwa banapandia bafu, mutakuta majibu mingi, na kila jibu ni muti wa kuongeza.

Miembe mutie pembeni kabisa. Matunda yakiiva batoto batatupa mawe, na mawe ile itavunja miti ingine.

*

Jambo yaya. Siye tuko upande wa Penga Penga. Tulijaribu kupanda mara mbili, miti inakufa ata na mayi. Batu banasema ile udongo ilirogwa.
Baba wa batoto ine

Baba, udongo haukurogwa, uliumia. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza mu muji mwaka wa 1911, na upepo wa hapa mara mingi unatoka kusini mashariki, kwa hiyo moshi wa ile shemine ulikuwa unaangukia upande wenu wa kaskazini magharibi, miaka kwa miaka. Shaba na madini ingine zilibaki mu udongo wa juu na asidi inafanya zishike mizizi vibaya. Mutazame fasi yenu: kama kuko uwanja muzima wa wazi na ku yote majani ni aina moja ao mbili tu, fupi fupi, ile ni alama ya shaba.

Bafundi ba UNILU, universite ya Lubumbashi, balifanyia kazi pale pale Penga Penga miaka mingi, na balionyesha kama kuko nyasi yenye inavumilia shaba na kufunika udongo ili vumbi isipande tena, na kama miti inaweza kusimama ukiipatia shimo kubwa na mbolea na chokaa. Kwa hiyo kwenu shimo ya santimetre 60 haitoshe. Muchimbe metre 1 upana na metre 1 kwenda chini, ule udongo wa juu muutoe kabisa, mulete udongo wa fasi ingine, mutie mbolea mingi na chokaa ya shamba. Ni kazi nguvu, ni toroli na toroli, njo maana mupande kidogo sana, ata miti 10. Mbele ya kuanza mubebe udongo kidogo mu sashe mupeleke ku fakulte ya agronomi baupime.

Na kitu moja, baba, minaikaza: musipande mboga mu bustani ile, ata lengalenga ya kando, na batoto baoshe mikono kila mara bakitoka kucheza pale.

*

Yaya, shefu wa karitye alitupatia fasi kwa mudomo tu. Anasema hakuna shida. Tuanze?
Musomaji wa Ruashi

Bado. Mi sina neno na shefu wenu, pengine ni mutu muzuri, lakini shefu anabadirika. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema udongo wote wa Kongo ni wa Serikali, na mutu anaonyesha haki yake na karatasi. Wote tunajua fasi za mupira zenye batoto balikuwa banachezea, asubui moja tofali zilishushwa, na hakuna mutu alikuwa na karatasi ya kuonyesha. Fasi ya wazi mu muji huu ina macho mingi juu yake.

Muandike barua kwa burgumestre, mutie kroki ya lupango na vipimo, majina na saini za kikundi na za majirani ba pembe ine, kopi moja ibaki kwenu na muhuri wa kupokea. Kiisha muende ku kadastri, biro ya kupima malupango, muulize kama ile fasi haina mwenyewe tayari. Kama mlango yote imefungwa, kuko njia yenye minaipenda zaidi: mutafute parokia ao masomo yenye iko na sertifika ya lupango yake, muombe kipande ndani yake na muandikiane. Bustani itakuwa ndogo, lakini itabaki.

*

Yaya, minaandika na machozi. Mu kikundi chetu balisema jina ya marehemu itawekwa paka kama familia ililipa kotizasyo. Kaka yangu alikufa mu shimo, mama yetu anauzisha mihogo, hatuna. Sasa yeye haataandikwa?
Dada wa komini ya Kenya

Mwana yangu, pole, pole sana. Na benye bako mu ile komite, kama banasoma hapa, minabaambia bila kuzunguka: jina haiuzwe. Bakrezeri mingi balikufa bila karatasi, bila ata mutu kuandika jina fasi moja, na sasa bustani yenye inatengenezwa juu yao njo inabafungia mlango? Haiwezekane. Makuta ya sashe na ya uzio mutafute kwa benye bako nayo, na benye habana nayo balete mikono. Mama yako anaweza kuchukua siku moja ya juma ya kumwanga mayi, na ile kazi, minawaambia miye mwenye ninaishi na miti, inapita kotizasyo.

Juu ya plaki, kikundi kingine kiliuliza pia: musipige musumari mu muti, unatoboa ngozi yake na ugonjwa unaingilia pale, na musifunge waya, muti ukinenepa unajinyonga. Plaki ya shaba ao ya alumini itaibiwa. Mutengeneze ka tofali ka simani, jina muchore na musumari wakati simani bado mbichi, mutie pa miguu ya muti. Kila familia ijichoree yenyewe. Ata mutoto anaweza kuchora jina ya baba yake.

*

Yaya, tulipanda mwaka jana. Muti wa mwana yangu ulikauka, ya bengine yote inasimama. Batu banasema ni alama, ati mwana hana amani. Silale.
Mama wa Kamalondo

Mama, hapana. Mu upandaji yote, ata ya bafundi, kuko miti yenye inakufa mwaka wa kwanza, na inaangukia popote, ku wenye alilia sana na ku wenye hakulia. Haisemi kitu juu ya mwana yako.

Fanya hivi. Ung'oe ule muti pole pole na utazame mizizi. Kama inazunguka sawa kamba, ulikuwa ulishaharibika mu sashe tangu pepinyeri. Kama imeliwa liwa na kuko udongo mukavu umeshikamana nayo, ni muchwa. Kama ni mizima lakini imekauka, ni mayi, na ile haiko kosa yako, ni zamu yenye haikupangwa muzuri. Utajua na roho itatulia kidogo. Uache shimo wazi ipate jua, utie majivu na mbolea, na uambie kikundi, kila mwaka baweke ku pepinyeri miti ingine ya akiba, moja juu ya kila tano, juu ya familia sawa yako. Mwezi wa kumi na mbili utapanda tena pale pale, na safari hii uombe bakupatie mupundu ao flamboyant yenye ilishafika kimo ya goti, na mutu wa zamu yake aandikwe jina mbele ya mwezi wa tano.